Kipawa ni Mali ya Nani?

Wainjilisti wenzetu mnaokaa na wazee wa sharika mbali na mji, mwezi huu twataka kunena juu ya neno moja lililotusumbua tangu kikao kimoja cha baraza la wazee huku kwetu upande wa Mpanda. Neno lenyewe ni hili: mtu aliyepewa kipawa na Mungu, naye amelelewa na kusomeshwa na watu wa mahali fulani, je, akihama na kukitumia kipawa chake kwa watu wengine, amewaibia wale waliomlea?

Twaanza na kosa letu wenyewe, maana haifai mwalimu kuwahukumu wengine huku amelifunika la kwake. Usharika ulikuwa umechanga kwa muda wa miaka mitatu ili kumsomesha binti mmoja kazi ya uuguzi. Wajane walileta mahindi, wengine walileta kuku na mbuzi wakauzwa mnadani baada ya ibada, vijana walifyatua matofali na kutoa fedha waliyolipwa. Wote walitumaini ya kuwa binti huyo atarudi kuwahudumia wagonjwa na wazazi wa kijiji chake. Alipomaliza masomo alipata kazi katika mji wa mbali, akaolewa huko, asirudi. Basi habari ilipofika barazani, watu walikasirika. Mmoja alitaka jina lake lisomwe mbele ya usharika. Nasi, ambao wajibu wetu ulikuwa kuutuliza moto, tuliuongezea kuni. Tulisema mbele ya wote, "Mkataa kwao mtumwa."

Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Walakini baba yake yule binti alikuwa ameketi pale pale, naye ni mzee wa kanisa kama wenzake. Alizaliwa Burundi, akaletwa huku mwaka 1972 mgongoni mwa mama yake. Alisimama polepole, akasema, "Baba mchungaji, mimi sikuzaliwa hapa. Ili niwe Mtanzania nilitia sahihi karatasi ya kuukana uraia wa kwetu. Je, mimi nami ni mtumwa?"

Baraza lilinyamaza. Sisi hatukuwa na jibu. Tulifunga kikao kwa sala, lakini sala ile ilikuwa ya kukimbia.

Tangu siku ile tulitafuta jibu, na katika kutafuta tulikutana na habari za mwogeleaji mmoja, ambazo twaona zafaa kuwasimulia, ingawa wengi wetu hatujaona kamwe watu wakishindana kuogelea. Huku kwetu maji ya Mto Katuma ni ya viboko na mamba, na mwenye akili hayaingii kwa mchezo. Watoto wa Karema na Ikola huogelea katika Ziwa Tanganyika tangu wangali wadogo, lakini hakuna awapigiaye saa. Katika nchi nyingine kuogelea ni mashindano makubwa, nayo hufanywa kwa mitindo minne. Mmoja wa mitindo hiyo ni kuogelea kwa kifua, kama aogeleavyo chura: mikono yote miwili husukumwa mbele pamoja, kisha hufunguliwa pamoja, na miguu yote miwili hupiga pamoja. Ndio mtindo wa polepole kuliko yote minne. Tena una sheria kali: mwogeleaji afikapo mwisho hana budi kuugusa ukuta kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Akigusa kwa mkono mmoja, hata akiwa wa kwanza, hufutwa.

Katika mtindo huo alisifiwa binti aitwaye Achieng Ajulu-Bushell. Alizaliwa Uingereza mwaka 1994. Baba yake Mkenya, mama yake Mwingereza. Sehemu ya utoto wake aliishi katika Afrika. Alipokuwa msichana mdogo alishindana kwa jina la Kenya. Baadaye alijizoeza katika mji wa Plymouth, kusini-magharibi ya Uingereza, akahamia upande wa nchi ya mama yake. Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 16, alipata ubingwa wa Uingereza katika mita 50 za kuogelea kwa kifua, na mwaka huo huo aliogelea kwa jina la Uingereza katika mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Budapest. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha nchi ile katika kuogelea. Mwaka 2012, kabla hajatimiza miaka ishirini, aliacha mashindano, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 2024 alitoa kitabu cha maisha yake, ambacho jina lake ni juu ya mifupa mizito myeusi, kwa maana wako watu waliosema tangu zamani ya kuwa mtu mweusi hawezi kuogelea kwa sababu mifupa yake ni mizito. Wasemao hayo wangekwenda siku moja Karema, wakawatazama watoto wa wavuvi.

Basi na tuulize: huyu aliogelea kwanza kwa Kenya, kisha kwa Uingereza. Je, aliiba?

Atakayesema ndiyo ana hoja, nasi hatutaki kuidharau. Atasema: nchi maskini ina watu wachache wenye sifa ulimwenguni, mmoja akiondoka, watoto waliobaki hawana wa kumtazama. Atasema tena: nchi tajiri ina mabwawa mengi na walimu wengi, haifai ichukue hata kondoo mmoja wa maskini, kama tajiri yule ambaye nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi habari zake. Hoja hii ni nzito. Hata sisi huku Katavi tunaijua, maana kijana wetu akifaulu vema twajua ya kuwa reli ya kwenda Tabora itamchukua, na huenda isimrudishe.

Lakini tukiipima hoja hiyo twaona ya kuwa inachanganya mambo mawili: kupungukiwa na kuibiwa. Mvua isiponyesha shambani mwangu, ikanyesha kwa jirani, mimi nimepungukiwa. Lakini jirani si mwizi, wala mvua si mwizi. Ili pawe na wizi, sharti kwanza pawe na mali, na mali iwe na mwenyewe. Basi twarudi kwenye swali la kichwa cha maneno haya: kipawa ni mali ya nani?

Si mali ya nchi. Nchi haikuyaumba mapafu ya binti yule, wala mabega yake. Wala si mali ya baba na mama, ingawa kwa hao alitoka. Wala si mali yake mwenyewe, kwa maana hakujifanya. Katika mfano wa talanta Bwana wetu alituonyesha ya kuwa mali yote ni ya yule bwana aliyesafiri, na watumwa ni watunzaji tu. Tuangalie neno moja ambalo wengi hulipita upesi: bwana yule aliporudi, aliwauliza watumwa wamefanya nini na talanta. Hakuwauliza wamefanyia soko gani.

Na mafundisho yetu ya Kilutheri juu ya wito yaelekea huko huko. Mungu hana haja ya kazi za mikono yetu. Mwenye haja nazo ni jirani. Kipawa basi ni kama maji yapitayo katika mfereji: yametoka kwa Mungu, yaenda kwa jirani, na mfereji hauwezi kusema maji ni yangu. Jirani naye ni nani? Swali hilo liliulizwa zamani na mwanasheria mmoja, naye alijibiwa kwa habari za Msamaria, mtu wa nchi nyingine. Mgonjwa wa mji wa mbali ambaye binti yetu amfunga kidonda leo ni jirani, sawasawa na mgonjwa wa kijiji chake.

Hapa msomaji atatuzuia, naye atakuwa na haki. Atasema, "Basi, mchungaji, kila mtu aende apendako, na deni halipo?" Hasha. Deni lipo. Lakini deni si umiliki, wala mdai si bwana wa mdaiwa. Na tutazame mifano mingine ili tuone vizuri deni hilo likoje.

Katika mji ule ule wa Plymouth alijizoeza msichana mwingine, Rūta Meilutytė wa Lithuania, aliyefiwa na mama yake akiwa mtoto wa miaka minne. Aliletwa Uingereza na baba yake, akasoma huko, akafundishwa kuogelea huko. Walakini mwaka 2012, katika michezo ya Olimpiki ya London, akiwa na umri wa miaka 15 tu, alishinda nishani ya dhahabu ya mita 100 za kuogelea kwa kifua kwa jina la Lithuania. Na Mjerumani mmoja, Anna Elendt, alikwenda Marekani kusoma na kujizoeza katika Chuo Kikuu cha Texas, lakini katika mashindano ya ulimwengu aliogelea kwa nchi yake: mwaka 2022 alipata fedha huko Budapest, na mwaka 2025 akapata dhahabu huko Singapore, zote mbili katika mita 100 za mtindo huo huo. Tazameni basi: mmoja alibadili nchi, wawili hawakubadili, na wote watatu hawakujizoeza mahali pamoja siku zote. Je, wale wawili ni wenye haki kuliko huyu mmoja? Hatuwezi kusema hivyo. Mtoto ambaye baba yake ni wa nchi hii na mama yake ni wa nchi ile, akienda kwa mama hajamkana baba. Kwao ni kuwili, na Mungu ndiye aliyemzalia kuwili.

Tuchukue na mfano ulio mgumu zaidi, maana hoja isiyojaribiwa kwa jambo gumu haifai. Mkimbiaji Stephen Cherono alizaliwa Kenya, kwa baba na mama Wakenya. Ndugu yake, Christopher Kosgei, alikuwa ameipatia Kenya ubingwa wa dunia mwaka 1999 katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mwaka 2003 Cherono alikwenda kuwa raia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huo huo huko Paris akashinda mbio hizo hizo kwa jina la nchi yake mpya. Mwaka 2004 Kenya haikukubali ashindane Olimpiki, kwa kuwa muda wa sheria ulikuwa haujatimia. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, huko Brussels, alizikimbia mbio hizo kwa dakika 7 na sekunde 53.63, ambako hakuna mtu aliyewahi kufika kabla yake. Wengi walisema ameuza nchi. Sisi hatumo moyoni mwake, wala hatumhukumu. Lakini habari hii yatufundisha ya kuwa kuna maswali ambayo kila ahamaye hana budi kujiuliza mbele za Mungu.

La kwanza: je, nimesema kweli? Ahamaye kwa karatasi za uongo, au afichaye jina la mama yake ili apokelewe, ametenda dhambi, hata kama kazi yake huko ni njema.

La pili: je, nimevunja agano? Mtu aliyeahidi kwa hiari kutumika miaka kadhaa mahali fulani, kisha akatoroka, amevunja neno lake. Hili ni kosa. Lakini lazima ahadi iwe ilitolewa kweli, wala si kwamba sisi tuliiwaza mioyoni mwetu tukadhani naye ameitoa.

La tatu: je, nimewaacha wanaonitegemea bila msaada? Mzazi mzee, mtoto, mke: hao hawahami kwa sababu wewe umehama.

La nne: je, nawadharau nilioacha? Hapa ndipo mithali yetu inapopata maana yake ya kweli. Mkataa kwao mtumwa: haisemi aondokaye kwao, yasema akataaye. Yusufu aliondoka kwao, tena kwa kuuzwa. Alivaa kitani cha Misri, akapewa jina la Kimisri, na hekima yake ililisha kwanza nchi ya kigeni. Lakini ndugu zake walipokuja na magunia matupu alijitenga akalia, kisha akawajulisha yeye ni nani. Huyo hakukataa kwao. Na wako watu wasiovuka hata mto wa kijiji chao, nao wamekwisha kukataa kwao siku nyingi, kwa kuwa hawamjali mtu yeyote wa pale.

Na aliyebaki naye ana maswali yake. Je, nilichotoa kilikuwa sadaka au mkopo? Kama kilikuwa mkopo, ilifaa tuseme tangu mwanzo, tuandike, na binti akubali akijua. Kama kilikuwa sadaka, basi tulikwisha kuiweka madhabahuni, na kitu kilichowekwa madhabahuni mtu hakirudii usiku kukichukua. Tuliwaona wale wajane wakileta mahindi. Walimletea Mungu. Sisi wazee ndio tuliotaka kumgeuza binti kuwa faida ya mahindi yale.

Tena kuna jambo ambalo maisha ya yule mwogeleaji yalituonyesha waziwazi kuliko vitabu vingi. Aliacha mashindano akiwa kijana bado. Waliohesabu nishani walisema bila shaka kipawa kimepotea. Je, ameifukia talanta yake? Twadhani sivyo, kwa sababu mtu ni zaidi ya kipawa chake. Yule mtumwa aliyefukia alifanya hivyo kwa kumwogopa bwana wake na kumdhania mabaya. Huyu alipoacha bwawa alishika kalamu, na kwa kalamu akawafaa watu ambao hawataingia majini kamwe. Nchi iliyomhesabu kwa sekunde tu haikumjua. Nasi je? Tulimjua binti yetu, au tulimjua muuguzi tuliyemtaka?

Sasa na turudi Katumba. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji ya Burundi, wakapokelewa katika nchi hii. Walipewa ardhi ya msitu huko Katumba, na baadaye Mishamo, ambayo yote miwili leo yamo katika Mkoa wetu wa Katavi. Huduma ya Wakristo kwa wakimbizi, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, ilikuwamo katika kazi ile. Wenyeji husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nao jembe walilipokea kweli, wakaufanya msitu kuwa mashamba, wakajilisha, wakawalisha na watu wa mji. Walingoja muda mrefu. Watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014, miaka 42 baada ya kuja kwao. Hakuna Mkristo miongoni mwetu aliyesema ya kuwa Tanzania iliiibia Burundi mikono ile, wala ya kuwa mikono ile iliiibia Burundi. Tulisema, Mungu ametuletea watu. Basi kama twamshukuru Mungu kwa wanaokuja kwetu, twawezaje kuwalaani wanaokwenda kwa wengine? Mizani yenye mawe mawili, moja la kununulia na moja la kuuzia, ni chukizo kwa Bwana.

Tulimwendea yule mzee nyumbani kwake. Tulimwambia tumekosa, na katika kikao kilichofuata tulisema hivyo hivyo mbele ya wazee wote, maana kosa la hadharani haliponywi kwa dawa ya sirini. Jina la binti halikusomwa kanisani, ila lilitajwa katika maombi, pamoja na majina ya wote walio mbali. Yeye naye alipopata habari aliandika barua. Hakuomba radhi kwa kuolewa, wala hatukumdai. Lakini aliwataja wajane mmoja mmoja kwa majina, na mahindi ya kila mmoja. Hakuwa amesahau.

Walakini hatutaki kuwaficha ninyi msomao ya kuwa hasara ingalipo. Kijiji kile bado hakina muuguzi. Mama akishikwa na uchungu usiku, bado huchukuliwa kwa pikipiki katika njia mbaya. Kusema ya kuwa binti si mwizi hakukumleta muuguzi. Basi hapa kazi yetu ndipo inapoanza badala ya kwisha. Ikiwa mfereji mmoja umepeleka maji kwa jirani, tuchimbe mwingine. Baraza limekwisha kuanza kuchanga kwa ajili ya kijana wa pili, na safari hii tumemwuliza yeye mwenyewe atakalo, tukaandika tulilopatana, na fedha ile nyingine tumeiita kwa jina lake la haki, yaani sadaka. Wa kwanza kuleta gunia la mahindi alikuwa yule baba.

Nanyi wainjilisti, mkiletewa neno kama hili barazani, msiwe wepesi wa mithali kama tulivyokuwa sisi. Mithali ni kisu cha jikoni: chakata mboga, tena chakata kidole. Ulizeni kwanza yale maswali manne kwa aliyeondoka, na lile moja kwa waliobaki. Na mkumbuke sheria ya waogeleaji wale, ya kugusa ukuta kwa mikono miwili pamoja. Mtu mwenye kwao kuwili, kama yule binti na kama ndugu zetu wa Katumba, hatakiwi kuukata mkono mmoja ili atupendeze. Na aende mbele na yote miwili, afike nayo. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi ya kuwa wenyeji wetu wa mwisho u mbinguni. Huko hakuna atakayeulizwa alishindana kwa jina la nchi gani, bali sote tutaulizwa tulimfanyia nini jirani.

Bwana atupe sisi tunaobaki mioyo mipana, na wale wanaokwenda atupe kuwakumbuka bila uchungu. Amina.